The Hague, London au Geneva: mahali pa kusomea sheria katika majira ya joto

Mwanafunzi wa sheria anayepanga kusoma ng'ambo kati ya Juni na Agosti kwa kawaida huanza kwa kuuliza ada ni kiasi gani na mji upi unapendeza. Maswali hayo yana haki yake, lakini liko moja linalopaswa kuyatangulia: katika wiki tatu au nne atakazokaa huko, ni jambo gani litakalokuwa likiendelea mahakamani na katika mabaraza ya mji huo ambalo hawezi kulipata akiwa amekaa maktabani kwao? Sheria ya mikataba hufundishika popote penye mwalimu na vitabu. Kumwona jaji akimkatiza wakili katikati ya hoja yake, au kuwasikia wataalamu wakivutana juu ya neno moja la rasimu, hakupatikani kila mahali wala kila mwezi. Kwa sababu hiyo ulinganisho huu wa miji mitatu inayotajwa mara nyingi unaipa kalenda uzito kuliko vipeperushi vya vyuo vinavyoipa.

Kalenda ya mahakama

Mahakama nyingi za Ulaya hupumzika wakati uleule ambao wanafunzi wanapata nafasi ya kusafiri, na wengi hulitambua jambo hili wakiwa wamekwisha kulipa. Uingereza hugawa mwaka wa mahakama katika mihula minne, yaani Michaelmas, Hilary, Easter na Trinity. Muhula wa Trinity humalizika tarehe 31 Julai, na Michaelmas hauanzi mpaka tarehe 1 Oktoba. Kati ya tarehe hizo Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani hushughulikia zaidi mambo ya dharura, na Mahakama ya Juu nayo huwa likizoni. Maana yake ni kwamba kozi mbili zenye jina moja, mwalimu mmoja na ada moja zinaweza kutofautiana sana kwa thamani: ile inayoanza mwishoni mwa Juni humpa mwanafunzi wiki kadhaa za rufani zinazosikilizwa hadharani, mwendo mfupi tu kutoka darasani, ilhali ile ya Agosti humpa darasa peke yake. Kesi za jinai ndizo zisizongoja. Mwanafunzi wa Agosti bado anaweza kwenda Old Bailey, mahakama maarufu ya kesi za jinai mjini London, na kukuta mashtaka mazito yakisikilizwa.

Mjini The Hague hali ni ya kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa kuwa mahakama mbili zinazochanganywa mara nyingi zina mienendo tofauti. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, inayowashtaki watu binafsi, hufunga shughuli zake kwa wiki tatu kuanzia katikati ya Julai au baadaye kidogo, kwa hiyo anayekwenda kwa ajili yake mwishoni mwa Julai atakuta kumbi tupu. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, inayoamua migogoro ya mataifa, ina mazoea ambayo kwa mwanafunzi ni bahati kubwa: maamuzi yake kadhaa mazito yamesomwa mwezi wa Julai. Maoni ya ushauri kuhusu silaha za nyuklia yalitolewa tarehe 8 Julai 1996, yale ya ukuta katika maeneo ya Palestina tarehe 9 Julai 2004, ya tangazo la uhuru wa Kosovo tarehe 22 Julai 2010, ya sera na vitendo vya Israel katika maeneo inayoyakalia tarehe 19 Julai 2024, na ya mabadiliko ya tabianchi tarehe 23 Julai 2025. Hayo ya mwisho yanastahili kukumbukwa na kila mwanafunzi, kwa sababu kampeni iliyoyazaa ilianzishwa mwaka 2019 na wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini, ikachukuliwa na serikali ya Vanuatu, kisha ikafikishwa kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Hakuna anayeweza kuahidi kwamba kila Julai italeta uamuzi wa namna hiyo. Hata hivyo, atakayekuwapo mwezi huo ana nafasi nzuri kuliko wa Agosti, mradi aombe kiti mapema, maana viti vya wananchi ni vichache na ukumbi hujaa.

Geneva haina mahakama ya kimataifa ya ukubwa huo, ila ina mabaraza. Baraza la Haki za Binadamu, lenye nchi wanachama 47, huwa na kikao kinachoanza Juni na kuishia Julai. Kamati ya Haki za Binadamu, ambayo ni chombo kingine kabisa chenye wataalamu 18, nayo hukutana mwezi wa Julai. Tume ya Sheria ya Kimataifa, chombo cha Umoja wa Mataifa chenye wajumbe 34 kinachoandaa rasimu za sheria ya kimataifa, imezoea kugawa kikao chake cha mwaka katika sehemu mbili, na ya pili huangukia Julai na mwanzo wa Agosti. Mwaka 2025, kwa upungufu wa fedha katika Umoja wa Mataifa, Tume ilikutana kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi mwishoni mwa Mei tu. Aliyekuwa amekata tiketi ya Julai kwa kutegemea mazoea ya miaka ya nyuma hakuikuta, kwa hiyo tarehe za mwaka husika ni lazima zihakikishwe kabla ya kulipa chochote.

Kinachofundishwa

Akademia ya Sheria ya Kimataifa ya The Hague ilianza kufundisha mwaka 1923, katika viwanja vya Kasri la Amani, jengo lililofunguliwa mwaka 1913 kwa fedha za Andrew Carnegie, tajiri wa Marekani, na ambalo hadi leo ndilo makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki na Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi. Kozi zake za majira ya joto zina vipindi viwili vya wiki tatu kila kimoja. Cha kwanza, kinachoangukia Julai, ni cha sheria ya kimataifa ya umma. Cha pili, kinachoingia Agosti, ni cha sheria ya kimataifa binafsi, yaani ile inayohusu ndoa, mikataba, mirathi na biashara zinazovuka mipaka. Mihadhara hutolewa kwa Kiingereza au Kifaransa na kutafsiriwa papo hapo. Profesa mmoja hufundisha kozi kuu kwa kipindi chote, na wengine hutoa kozi fupi juu ya mada maalumu, kisha mihadhara hiyo huchapishwa katika mfululizo wa vitabu unaonukuliwa na mahakama na wanazuoni duniani kote. Anayesikiliza huko anasikia kitabu kabla hakijawa kitabu.

Heshima hiyo ina gharama yake. Akademia haifundishi misingi. Mwanafunzi asiyejua Kifungu cha 38 cha Hati ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kinasema nini kuhusu vyanzo vya sheria ya kimataifa, asiyeweza kueleza tofauti kati ya mkataba na mazoea ya mataifa, au ambaye hajawahi kusoma vifungu vya mwaka 2001 kuhusu wajibu wa mataifa kwa makosa yao, atakaa mbele ya wataalamu wakubwa na kuambulia machache. Ukumbi ni mkubwa, wasikilizaji wanatoka pembe zote za dunia, na nafasi ya kuuliza swali ni ndogo kuliko katika darasa la watu ishirini. Semina za mchana husaidia, na wanaojiona wameiva hujaribu Diploma ya Akademia, mtihani mgumu ambao hufaulu wachache mno. Wengine wote huondoka na cheti cha kuhudhuria. Faida ambayo watu huisahau ni maktaba ya Kasri la Amani, mojawapo ya makusanyo makubwa kabisa ya sheria ya kimataifa: mwenye tasnifu ya kuandika anaweza kuhudhuria mihadhara asubuhi na kutumia saa zinazobaki kusoma mambo ambayo chuo chake hakina, na kwa mtu huyo safari imejilipa hata kama asingesikiliza mhadhara wowote.

London iko kinyume karibu kwa kila jambo. Hapa hakuna taasisi moja inayotawala. Vyuo kadhaa hufungua milango yao, na kinachojulikana zaidi ni London School of Economics, ambayo shule yake ya majira ya joto ina vipindi vitatu vya wiki tatu kati ya Juni na Agosti. Kozi zake za sheria huwa na mihadhara ya kila siku, madarasa madogo ya majadiliano, insha au kazi ya kuandika, na mtihani wa mwisho wenye alama. Mwanafunzi anayetoka katika nchi yenye mfumo wa sheria wa Kiingereza, ule unaojengwa na hukumu za majaji, atajikuta katika mazingira anayoyafahamu kwa majina ingawa hajayaona kwa macho. Anayetoka katika mfumo wa sheria zilizoandikwa kama ule wa Ufaransa atajifunza zaidi, kwa sababu atalazimika kufikiri upya namna kesi moja inavyoweza kuwafunga majaji watakaofuata.

Lakini thamani ya London iko nje ya darasa. Mahakama ya Juu, iliyoanza kazi Oktoba 2009 katika jengo la Middlesex Guildhall linalotazamana na Bunge, iko wazi kwa yeyote atakayepita ukaguzi wa mlangoni. Majaji, kwa kawaida watano, huketi bila wigi wala joho nyuma ya meza ya nusu duara, katika usawa uleule wa sakafu na mawakili. Wakili husimama akianza na mambo aliyoyapanga kwa utaratibu, na mara nyingi hata hajafika mbali jaji mmoja humwomba arudi kwenye aya fulani ya hoja zake za maandishi, mwingine akaongeza mfano wa kubuni unaoiyumbisha hoja hiyo, na asubuhi yote ikageuka mazungumzo makali yanayoendeshwa kwa sauti ya chini. Mwanafunzi aliyesoma muhtasari wa rufani hiyo siku iliyotangulia hujifunza hapo namna ya kujenga hoja ambayo hakuna mhadhara unaoweza kuifundisha. Kesho yake anaweza kwenda Old Bailey, akaketi katika roshani ya wananchi, akaona wigi, majoho na baraza la wazee 12, yaani raia wa kawaida wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, wakisikiliza ushahidi. Simu na mabegi makubwa haviruhusiwi huko wala hakuna pa kuvihifadhi, kwa hiyo ni vyema viachwe chumbani.

Geneva ni ya mtu anayetaka kujua sheria inavyotungwa kabla haijafika mahakamani. Ipo Semina ya Sheria ya Kimataifa, inayoandaliwa sambamba na kikao cha Tume ya Sheria ya Kimataifa tangu mwaka 1965: washiriki wachache, wapatao 25, hukaa wiki tatu wakifuatilia mijadala ya Tume na kusikiliza wajumbe wake. Haina ada, na upo ufadhili kwa baadhi ya washiriki kutoka nchi zinazoendelea, lakini ushindani wake ni mkali na hulenga waliokwisha kupiga hatua katika sheria ya kimataifa. Shirika la Miliki Bunifu Duniani (WIPO), lenye makao yake mjini humo, huendesha shule yake ya majira ya joto kuhusu hataza (haki za wavumbuzi), alama za biashara na hakimiliki. Vyuo vya mjini navyo vina kozi za haki za binadamu, sheria ya vita na biashara ya kimataifa, jambo la kutarajiwa katika mji ambao Shirika la Biashara Duniani, Shirika la Kazi Duniani na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu vyote viko umbali wa safari fupi ya basi.

Tatizo la Geneva ni mlango. London humwingiza mgeni mahakamani kwa kupita ukaguzi tu, lakini Palais des Nations, jengo la Umoja wa Mataifa mjini Geneva, haiingiliki hivyo. Mtu huhitaji kitambulisho cha kuingilia, na kwa vikao vya Baraza la Haki za Binadamu kitambulisho hicho kwa kawaida hupatikana kupitia shirika au taasisi iliyosajiliwa. Kwa hiyo swali la kwanza la kuwauliza waandaaji wa kozi yoyote ya Geneva, kabla ya ada na kabla ya majina ya maprofesa, ni kama wanafunzi watapewa kitambulisho hicho na kwa siku ngapi. Jibu likiwa ni ziara ya kuongozwa ya alasiri moja, mimi nisingelipa. Mtu atakuwa amekwenda mji wa gharama kubwa kutazama bendera kutoka nje ya uzio.

Krediti na aina ya programu

Hili ni jambo kavu, ila limewaharibia wengi mwaka uliofuata. Mwanafunzi wa shahada ya sheria ya Marekani anahitaji krediti zisizopungua 83 ili ahitimu, na kila krediti hudai saa moja ya darasani na mbili za kazi binafsi kwa wiki 15 au kiasi kinacholingana na hicho. Ulaya huhesabu mwaka mzima kuwa krediti 60, kila moja ikiwa na saa 25 hadi 30 za kazi. Hesabu hizi mbili hazilingani zenyewe kwa zenyewe, na kozi ya wiki tatu yenye mtihani mjini London ni rahisi kukubaliwa kuliko cheti cha kuhudhuria cha The Hague. Anayehitaji krediti apate kibali cha maandishi kutoka kitivo chake kabla ya kujiandikisha, kikitaja kozi kwa jina na idadi ya krediti zitakazohesabiwa. Ahadi ya mdomo ya mhadhiri haitoshi.

Pia kuna uamuzi kati ya programu inayoendeshwa ng'ambo na chuo cha nyumbani na ile ya wenyeji. Programu ya chuo chako ina usalama: krediti zinajulikana, malazi yamepangwa, na alama zinatolewa kwa mizani uliyoizoea. Kasoro yake ni kwamba mwanafunzi huishia kuketi na wenzake walewale na kufundishwa na maprofesa walewale katika jengo la kukodi, na hupita wiki nzima bila kuzungumza na mwanasheria yeyote wa nchi hiyo. Kwa aliye mwaka wa kwanza au asiyewahi kusafiri peke yake, usalama huo una thamani yake. Kwa wengine wote ninaona ni heri kujiunga na wenyeji, hata kama karatasi za kujaza ni nyingi zaidi, kwa kuwa mtu hujifunza sheria za nchi kwa kubishana na waliozaliwa ndani yake.

Viza na fedha

Kwa wanaohitaji viza, The Hague na Geneva ziko upande mmoja na London upande mwingine. Uholanzi na Uswisi zote zimo katika eneo la Schengen, ijapokuwa Uswisi si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, hivyo viza moja humruhusu mtu kukaa siku 90 ndani ya kila siku 180 na kutembelea miji yote miwili. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na uamuzi huchukua kwa kawaida siku 15 ambazo zinaweza kurefushwa hadi 45. Bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000 ni sharti. Maombi hupelekwa katika ubalozi wa nchi ambako mtu atakaa siku nyingi zaidi, kwa hiyo mwenye wiki tatu za The Hague na siku nne za Geneva anaomba kwa Uholanzi. Uingereza ina viza yake yenyewe, na ile ya mgeni wa kawaida huruhusu kozi fupi isiyozidi miezi sita katika taasisi inayotambuliwa. Kuunganisha London na mojawapo ya miji mingine ni kulipa na kusubiri mara mbili, na miadi ya vituo vya viza hujaa mapema kuelekea majira ya joto.

Kwa gharama za kuishi, Geneva ndiyo inayoumiza zaidi, London huifuata, na The Hague ni nafuu kuliko zote mbili. London ina faida ya mabweni ya vyuo yanayobaki wazi wanafunzi wa mwaka wakiwa likizoni. Geneva ina njia ya kulala ng'ambo ya mpaka wa Ufaransa, kwa mfano Annemasse, na kuingia mjini kwa treni ya Léman Express. Anayekosa chumba The Hague anaweza kutafuta Leiden au Delft, ambako treni ni za mara kwa mara na safari ni fupi. Akademia nayo hutoa ufadhili, lakini maombi yake hufungwa mwanzoni mwa mwaka, wakati ambao wengi hawajaanza hata kufikiria Julai.

Nani aende wapi

Mwanafunzi aliye katikati ya shahada ya kwanza, ambaye bado hajui kama atakuwa wakili wa mahakamani, mwanasheria wa kampuni au mtafiti, ningemshauri achague London, katika kipindi kinachoanza Juni na kisichovuka mwisho wa Julai. Ataona mambo mengi, atapata alama zinazohamishika, na hatahitaji msingi wa pekee. Aliyemaliza shahada au anayeandaa tasnifu ya uzamili katika sheria ya kimataifa asipoteze muda kwingine. Aende The Hague, kipindi cha Julai kwa sheria ya umma na cha Agosti kwa sheria binafsi. Hapo ukimya wa mahakama mwezi wa Agosti haumdhuru, kwa kuwa mwanasheria wa mikataba na mirathi hakufuata kesi za mataifa. Geneva ningempa mwenye lengo lililokwisha kunyooka, kama vile haki za wakimbizi, hataza au sheria ya kazi, ambaye amepata kozi yenye kitambulisho cha kuingilia. Mwenye hamu ya jumla tu ya kuona Umoja wa Mataifa atapata zaidi kwa kidogo katika miji ile miwili.

Yupo pia ambaye hapaswi kwenda mwaka huu. Kama wiki hizo tatu zitamnyima nafasi ya mafunzo ya kazi katika ofisi ya mawakili au mahakama, na nafasi hiyo ndiyo inayoelekea kumpa ajira, ni afadhali aichukue. Akademia imekuwapo tangu 1923, na Julai nyingine itakuja.

Aliyekwisha kuchagua ana kazi ya kufanya kabla ya kupanda ndege. Mahakama ya Kimataifa ya Haki huweka katika tovuti yake maandishi ya pande zote mara usikilizwaji wa kesi unapofunguliwa kwa umma, na Mahakama ya Juu ya Uingereza hutangaza mapema kesi zitakazosikilizwa pamoja na maelezo mafupi ya kila moja. Anayekwenda London achague rufani mbili zinazoangukia siku zake asizo na darasa, asome hukumu ya mahakama ya chini ya kila moja, na aandike nusu ukurasa kuhusu upande anaoona unapaswa kushinda na kwa hoja ipi. Anayekwenda The Hague achague kesi moja iliyokwisha kuamuliwa, kama ule mgogoro wa mpaka wa bahari kati ya Somalia na Kenya ulioamuliwa tarehe 12 Oktoba 2021, aisome yote pamoja na maoni binafsi ya majaji, kisha aingie darasani akiwa na maswali matatu aliyoyaandika mwenyewe.